Safu ya Nyuma ya Bibi Benigna

Zdislava Krupičková alifuta vumbi kwenye maktaba ya kasri letu miaka thelathini na mmoja, na mdomo wake ulikuwa mkali kama siki. Mimi ninayetembeza wageni humo niliuonja kila siku. "Wewe kazi yako porojo," alikuwa akiniambia, "na mimi nafuta mate yako kwenye vioo."

Basi akaja Radim, msomi kutoka Brno, na kompyuta yake. Alitaka kuijenga upya humo maktaba ya Bibi Benigna, mke wa mwenye kasri zaidi ya miaka mia tatu iliyopita: kila kitabu mahali pake, kama alivyokiacha. Kwa miaka mitatu akapiga picha rafu moja baada ya nyingine, mwishowe akasema kwa furaha, "Mpangilio ni uleule wake. Hakuna aliyeugusa!"

Zdislava akaiacha supu yake ya kitunguu saumu ipoe. Siku mbili hakumtukana mtu, nikajua kuna jambo. Siku ya tatu, liwalo na liwe, akamwendea.

"Mwanangu, nimeugusa mimi. Mafundi rangi walipokuja, mwaka wa tisini na nane, nilivitoa vyote. Nikavirudisha vikubwa chini, vidogo juu. Niliona vinapendeza. Na tangu hapo mapazia hayafunguliwi."

Radim akakaa kwenye ngazi. "Mama, hiyo ni kazi ya miaka mitatu."

"Najua. Maji yameshamwagika." Sijawahi kumwonea huruma namna ile. Kisha akavuta kitabu kirefu, akamwonyesha jalada. "Lakini hebu tazama. Huu mstari nimeusugua mpaka mkono ukauma, hautoki. Huku juu jua limeipausha ngozi, huku chini halikufika. Si jirani yake mfupi ndiye aliyekikinga?"

Radim akaruka. "We mama! Hebu rudia!"

Wiki sita waliipima mistari ile, kompyuta ikikitafutia kila kitabu jirani wa kimo kinacholingana. Tulipoitwa kutazama, rafu zilijijaza zenyewe kwenye kioo cha kompyuta, kitabu kikiegemea kitabu, mpaka chumba cha marehemu kikasimama mbele yetu. Vitabu vya sala vilikaa mbele, safu nzima.

Vikabaki arobaini na kimoja visivyo na mstari wowote, ngozi zake bado nyeusi ti, ingawa kurasa zilikuwa zimechakaa kwa vidole. Vya nyota. Vya hesabu. Vya mwili wa mwanamke na uzazi.

"Hivi havikuona jua kabisa," Zdislava akanong'ona. "Vilikuwa nyuma ya vile vya sala."

Radim akavisogeza huko. Vikaenea vyote, hakikuzidi hata kimoja. Mungu wangu!

Zdislava ndiye aliyelia. "Alivificha maisha yake yote," akasema. "Mimi nikamwanika hadharani miaka ishirini na sita, na hakuna aliyemwona. Hata mimi, niliyevishika kila wiki."