Nilimuahidi Mzee nitafika kwa baiskeli: Kimumu hadi nyumbani, bila kupanda gari

Wakuu, salamu kwenu nyote mliokaa vizuri. Mimi naandika nikiwa nimekalia mto, mtajua kwa nini. Sitaongeza chumvi kwa hii story, na mahali niliaibika nitasema niliaibika.

Niko na miaka arobaini na tatu. Ni storekeeper kwa duka ya mbolea na mbegu hapa Eldoret, naishi Kimumu. Kitambi iko, sikatai. Nyumbani kwetu ni upande wa Kitale, kilomita sabini na kitu kutoka kwa mlango yangu.

Mwaka jana babangu alipata stroke. Mguu wa kushoto ukawa mzito. Daktari akampea mazoezi: asimame akishika kitu, ainue mguu, atembee mpaka kwa gate na kurudi, kila siku.

Alifanya wiki moja, kisha akarudi kwa kiti. Mama akaongea mpaka akachoka. Hata simu za watu akaanza kukataa. Tukaambiwa wazi kwamba akiendelea kukaa hivyo, huo mguu hautarudi.

Siku moja nikampigia kupitia simu ya Mama, nikamfokea. Ndio, nilimfokea babangu, na sijivunii. Akaniacha nimalize, kisha akaniambia mimi nikitumwa maziwa hapo kona napanda boda, halafu nataka yeye atembee.

Alikuwa anasema ukweli.

Halafu akasema, "Kuja hapa na baiskeli kutoka Eldoret. Usipande gari hata kidogo. Ukifika, nitafanya hizo mazoezi kila siku."

Mjue huyu mzee alikuwa anafanya kazi ya shamba huko Soy kabla nizaliwe. Kila mwisho wa mwezi alikuwa anaenda nyumbani na Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma, gunia ya mahindi nyuma. Kwa hivyo alijua vizuri kile anaitisha. Na alikuwa na uhakika siwezi.

Nikamwambia sawa, nipee wiki nane.

Nikanunua racer ya mitumba, ile ya usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Siku ya kwanza nilienda Chepkoilel na kurudi. Kamlima kadogo tu pale, nikashuka nikasukuma. Mama mboga akaniuliza kama mafuta imeisha.

Wiki ya pili sikushuka tena. Wiki ya tatu nikaanza kuwapita watu.

Sasa wakuu, hapa Eldoret kuna shida moja. Kila mtu ni coach.

Jirani yangu alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu, amestaafu, sisi humuita Coach tu. Mnajua vile wakimbiaji wetu hufanya. Wanatoka alfajiri na tumbo tupu, hakuna chupa ya maji, wanapiga mbio zao, wanarudi kwa chai ya maziwa. Coach akanionya kwamba chakula itanivuta nyuma na maji ni ya kunywa ukisharudi. Mimi ni nani nimbishie mtu ako na medali kwa ukuta?

Nikafuata hiyo sheria kama amri ya kanisa. Kwa safari fupi ilikubali, nikajiona mwanaume.

Wiki ya tano nikaamua kwenda Matunda na kurudi. Tumbo tupu, bila maji, jua ikitoka. Kwenda nilifika vizuri kabisa, hata nilipiga selfie. Ni kurudi sasa.

Nikikaribia Soy mikono ikaanza kutetemeka. Jasho baridi. Barabara ikawa inaenda upande yake na mimi upande yangu. Nikashuka, ama niseme nililala chini na baiskeli juu yangu.

Mama mmoja anauza mahindi ya kuchemsha hapo stage ya matatu akanishika mkono akaniuliza jina langu. Wakuu, nilifikiria kwanza ndio nijibu. Akanipea chai na sukari nyingi sana, nikakaa kwa kiti yake. Kusimama tena miguu ikakataa kabisa.

Akapita customer wetu mmoja anaitwa Wekesa, ni mtu wa huko kwetu, ako na pickup akienda Eldoret. Akanipakia nyuma na baiskeli yangu, pamoja na magunia. Nilijua hiyo habari itafika kwa Mzee kabla mimi nifike Kimumu, na ilifika.

Jioni akapiga simu. Nilikuwa nimejipanga kuchekwa, na nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba yeye ndio ameshinda na mguu wake utabaki hivyo. Lakini hakucheka. Aliuliza nilikula nini. Nikasema hakuna. Nilikunywa nini. Hakuna. Nani aliniambia nifanye hivyo? Nikaeleza.

"Hao wanakimbia wanarudi kwa chai," akasema. "Wewe unaenda mbali. Wewe si mkimbiaji, wewe ni kama mimi na gunia yangu."

Kisha akanipea sheria zake. Kula kabla ya kutoka. Beba viazi vitamu vya kuchemsha na chupa mbili za maji. Kila center ya maduka unayofika, kula kiazi moja hata kama husikii njaa. Na ukisimama kula, kula ukiwa wima, usikae chini, kwa sababu ukikaa magoti yanalala na hayaamki.

Kutoka hiyo siku alikuwa ananipigia kila jioni. Huyu mtu alikuwa amekataa simu! Anataka kujua pressure ya tairi, kama kiti iko juu ya kutosha, kama nimenunua viraka. Alinifanya nitoe tube ya tairi na kuirudisha, nikiwa sitting room, yeye akisikiliza kwa simu, mara kumi. Wife akasema oil ikigusa carpet yake, mimi na baiskeli tutalala nje.

Jumamosi ya wiki ya nane ikafika. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshakula nduma na chai, nimetoka.

Soy nikala kiazi nikiwa nimesimama. Yule mama wa mahindi akanitambua akauliza kama leo nakumbuka jina langu. Nikamwambia mpaka la ukoo.

Baada ya Matunda mambo ikachacha. Upepo ulikuwa unanijia usoni, halafu tairi ya nyuma ikapata pancha. Nyasi hapo kando ilikuwa laini sana, inaniita. Nikatengeneza nikiwa nimeinama, mgongo unalia. Nikala kiazi, nikapanda tena.

Kilomita kumi na tano za mwisho, magoti yamekwisha, kukalia hicho kiti ni mateso. Nasikia gari inapunguza nyuma yangu. Ni Wekesa na ile pickup.

"Panda," akasema. "Nitakushusha kabla ya kona. Hakuna mtu ataona."

Wakuu, niwaambie ukweli, machozi ilinitoka. Nilitaka kupanda. Nikaangalia ile nafasi kati ya magunia nikaona inanitosha kabisa. Lakini ningemwambia nini huyo mzee, asimame na mguu wake mbovu kwa sababu ya uongo wangu? Nikamwambia Wekesa aende, awaambie nakuja.

Akaenda. Nikakanyaga.

Nikiingia kwa kona ya kwetu nikaona mtu kwa gate. Mzee. Amesimama, mkono mmoja kwa nguzo, mwingine kwa fimbo, miguu inatetemeka. Mama ako nyuma yake ameshika kiti. Wekesa alikuwa amepita akawaambia, na tangu hapo Mzee alikuwa amekataa kukaa.

Nikashuka, miguu yangu pia inatetemeka. Akaangalia baiskeli kwanza, akafinya tairi. Halafu akaniangalia.

"Nilikuambia usikae," akasema. "Sasa mimi ningekungoja aje nikiwa nimekaa?"

Mama ndiye aliuliza kati yetu wawili nani atasaidia mwenzake kuingia ndani.

Nilichojifunza: kula, kunywa, na ushauri wa mtu uangalie kwanza yeye alikuwa anaenda wapi. Coach hakunidanganya, ni mimi sikuwa mkimbiaji. Na nilidhani naenda kumfundisha mgonjwa kujikaza, kumbe ni yeye amenibeba hiyo njia yote.

Wenye mmeendesha hiyo barabara, niambieni upepo wa Matunda mnaushinda aje, na kama kuna kiti ya racer inaonea mtu huruma. Wenye mko na mzazi wa stroke pia, semeni mlifanya nini.

Mimi siwezi acha sasa. Kila Jumamosi asubuhi Mzee hunipigia kuuliza nimefika wapi, na siwezi kumwambia niko kitandani, kwa sababu yeye hupiga akiwa ameshatembea mpaka kwa gate.