Kiti Alichoniachia Baba

Hata leo nikikumbuka, damu inanichemka. Mwanamume mzima, mwenye akili zake, anakaa kwenye kiti cha watu na kukatia tumbaku juu yake! Tena hapohapo pa kukalia, kwa kisu. Akimaliza ananusa ugoro wake, anapiga chafya, anakwenda zake.

Huyo alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Alikuwa amerudi kutoka kuchimba dhahabu Nyarugusu, na dhahabu yenyewe hatukuiona, tuliona viatu tu. Mume wangu alikuwa Mwadui kwenye almasi, nyumbani anakuja siku za mapumziko. Basi mimi ndiye niliyebaki na huyo bwana.

Kiti kilikuwa cha uvivu, cha mninga, kimewambwa ngozi ya ng'ombe. Baba yangu alikichonga kwa mikono yake, na alipokufa ndugu zangu waligawana ng'ombe, mimi nikapewa kiti. Sikuwa na kitu kingine cha baba. Wanawake wa pale walikaa chini au kwenye kigoda, wakanisema sana, eti najiegemeza kama mtemi. Wacha waseme! Jioni nikishatwanga, mgongo uliouma ulikuwa wangu, siyo wao.

Sasa ngozi imechanika katikati, na kwingine imekauka mpaka inakwaruza. Nikaishusha. Nikaifuta kwa kitambaa chenye maji, nikaipaka mafuta ya ng'ombe na kuisugua kwa kiganja, siku baada ya siku, mpaka ikakubali kukunjika. Chini ya mpasuko nikaweka kiraka cha ngozi ya mbuzi, nikatoboa kwa msharasi, nikashona kwa ukano. Kisha nikaifunga tena kwenye mbao na kukiweka kiti kivulini, maana jua lingeipasua upya. Vidole vilivimba. Lakini kiti kilirudi, jamani!

Shemeji akakizunguka. "Hiki sasa ni kiti cha mwanamume," akasema.

"Ni cha baba yangu," nikamjibu. "Na tumbaku ukakatie kwenye viatu vyako."

Akacheka. Laiti ningekijua kicheko kile.

Kesho yake nilikwenda kuteka maji. Narudi, mtungi kichwani, namkuta baba mkwe kwenye kiti changu, anasinzia, mzee wa watu hana habari. Shemeji kamtoa nyumbani kwake, kamshika mkono, kamkalisha. Nikapiga magoti kwa mbali. "Mwangaluka, baba." Akaitikia vizuri. Nyuma yake shemeji kakenua meno yote.

Kwetu, alipokalia baba mkwe, mkamwana hakai tena. Ni heshima, na mimi heshima nilifundishwa. Yule mtu asiye na haya alilijua hilo! Hakuninyang'anya kwa nguvu. Alijua nitajinyima mwenyewe.

Mume wangu alipokuja nikamweleza huku nalia. "Sasa nikamwambie baba hakukaa?" akasema. Eti kaka ni kaka. Nyoo!

Nikabaki na hasira zangu, nakitazama tu kile kiti. Ndipo nikaona. Mzee alikalia ngozi. Alichochonga baba yangu ni mbao.

Nikafungua kamba zote. Nikaikunja ile ngozi, na kiraka changu, na mishono yangu, nikaenda kupiga magoti kwa baba mkwe, shemeji akiwapo. Roho iliniuma, sifichi.

"Baba, ulikalia hii. Ni yako, itandike unapopenda."

Mzee akaipapasa mishono. "Nani kashona?"

"Mimi, baba. Ilikuwa kwenye kiti cha marehemu baba yangu."

Akamgeukia mwanawe. "Wewe si uliniambia kiti umeniletea kutoka Nyarugusu?"

Shemeji akainama kutazama viatu vyake. Kwa mara ya kwanza nikaviona vina kazi.

Nyumbani nikavuta ngozi ya kitandani, ile tuliyoilalia tangu niolewe, nikailowesha, nikaiwamba kwenye mbao za baba. Ilipokauka nikakaa. Mume wangu akasimama mlangoni, anatazama kitanda kitupu, ananitazama mimi.

"Sasa tutalala juu ya nini?"

Nikaegemea kiti cha baba yangu, nikanyoosha miguu.

"Kamuulize kaka yako."