Kanzu ya Baba Iliyogeuzwa Foronya

Enzi zetu, sie tuliokulia Temeke, nguo haikuzeeka. Ilibadili kazi tu. Kanga ya Mama ikichoka ilikuwa shuka la mtoto, kisha nepi, kisha kitambaa cha kuepulia chungu, mwisho kabisa inaingia kwenye koroboi kuwa utambi. Mie shule sikuimaliza, lakini kukunja pindo na kujaza usufi kwenye mto nilijua kabla sijajua kuandika jina langu. Hata hii nyumba ya bati mnayoiona nimeijenga kwa akili hiyohiyo.

Basi wakati wa vita ile kubwa, madukani vitambaa vya marekani hakuna, bafta hakuna, dada yangu Mwajuma akaletewa habari ya posa kutoka Kinondoni. Wageni waje Jumapili. Mkeka tulikuwa nao, ila mito imetoboka, usufi unachungulia. Mama alijua posa ngapi zilikufia mkekani, hata binti hajatajwa. Jumamosi akaichukua kanzu ya Baba, ile ya Ijumaa, akaikata foronya.

Baba aliporudi akaitafuta ukutani, haipo.

"Mama Mwajuma, sasa nitavaa nini mbele ya watu?"

"Baba Mwajuma, wanakuja kumposa mtoto, hawaji kukuposa wewe."

Akawapokea kwa msuli na koti lililopauka. Mambo yalikwenda vizuri, mpaka shangazi wa mchumba alipougeuza mto wake akakuta darizi ya shingo ya kanzu. Nyuma ya pazia, Mwajuma akanibana mkono hadi ukaniuma.

"Bwana, hii si kanzu hii?"

"Kanzu," Baba akajibu. "Juzi nimeiswalia, leo mnaiegemea."

Mkeka mzima ukacheka. Shangazi peke yake hakucheka. Akaupitishia kidole mshono wote, pembe hadi pembe.

"Mshenga, maliza maneno. Mtoto wa nyumba hii hatamfilisi mwanetu."

Mwajuma akaolewa, akazaa, akazeekea hukohuko Kinondoni.

Vijana wa siku hizi, kifungo kikidondoka, shati linatupwa. Mabinti zangu sindano wanaiona hospitali tu. Wachumba wao wakija wanakaa kwenye makochi yangu ya sponji, wanayasifia, nami nafurahi, maana jasho langu lile. Wakishaondoka ndipo huwa nafikiri: uwezo wangu wameuona. Wanangu, hao bado hawajawaona.