Blog Yangu Ilivalisha Jamaa Mbili Kikwembe Moja

Mucheke tu, hata mi nimeshacheka, lakini wakati ule nilikuwa napita soko ya Kamembe na kitambaa mupaka puani, juu bamama ba nyanya balikuwa banaitana: "Maman Blog anapita, mufiche bikwembe!"

Mi ni mushonaji. Nililelewa Bukavu, ng'ambo ya mupaka, tukarudi huku Kamembe kisha ya mavita, na bakiliya bangu bazuri balikuwa bale ba ng'ambo, banavuka daraja asubuhi na bikwembe, ndiyo bitenge bya kushona, ku kichwa. Sasa mwaka ule vita ikaanza tena kule, leo daraja iko wazi, kesho imefungwa, masini yangu ikaanza kulala. Ndipo ku formasyo moja ya bafanyabiashara badogo, mwalimu akatuambia tuandike blog: kila juma utoe foto, ueleze kazi yako, bakiliya batakuja bo benyewe. Nikaamini (mi naaminiaka kila muntu mwenye kravati).

Basi kila juma, siku ya tano, niko ku siberi, kwa komputa za kulipia, kidole kimoja kimoja, naandika namna ya kupima mabega, namna ya kufua kitambaa ya bazini isipauke. Miezi miwili basomaji tulikuwa batatu: mi, mi tena, na mwenye siberi akikuja kuzima komputa.

Akakuja Maman Solange wa Gihundwe. Binti yake mumoja tu, Aline, alikuwa anatolewa dote, ndiyo mahari, kijana ni wa Bukavu. Na kwetu, ku dote kila jamaa inavaa kikwembe yake, na ile kikwembe ni siri mupaka siku yenyewe. Kwake haikuwa majivuno. Mavita ilimumalizia batu, alibakia na kaka yake mukubwa, Mzee Faustin, basi.

"Viti ya jamaa nitakalisha bajirani," akaniambia. "Tukivaa sawa, bageni hawataona kama sina batu. Funika hii kitambaa, muntu asiione."

Nikaapa kwa jina ya Mungu.

Juma ile nikakosa cha kuandika. Nikavaa robe ya kwanza ya ile kitambaa ya Maman Solange yenye nilikuwa nimemaliza, rangi ya machungwa na ndege za bluu, nikapigwa foto, nikaweka: "Modeli mupya ya dote, kutoka Kamembe." Nikajisemea, nani atasoma?

Siku ya dote, shiye ba upande ya binti tumekaa chini ya hema, machungwa mutupu, tumependeza, Maman Solange anatabasamu mupaka jino ya mwisho. Bageni bakaingia na bitunga ku kichwa. Machungwa! Ndege za bluu! Hata mukono ya kuvimba, ile niliibuni mi mwenyewe!

Shangazi ya kijana, maman munene wa furaha nyingi, akanikujia mikono wazi: "Ni ye! Ni ye mwenye blog! Tulikuona ku internet, tukamaliza kikwembe yote ya soko ya Kadutu!"

Batu makumi nane bakanigeukia. Blog inafanya kazi, bandugu, musidanganyike.

Nikakimbilia nyuma kwa bapishi, nikavuta kitambaa ya meza nijifunike, kumbe juu yake kuko masahani ya samaki badogo ba sambaza, yote chini, paaa! na wale benye hawakuwa bameniona bakaniona. Wakati ule Mzee Faustin, macho yake haioni muzuri, alikuwa ametoka kukojoa, akarudi akakaa kwa machungwa ya kwanza yenye aliona, katikati ya bageni. Musemaji wao aliposimama kuomba binti, Mzee na ye akasimama, akapiga makofi: "Ndiyo! Mutupatie huyo binti, tumetoka mbali!"

Batu bakacheka mupaka kiti moja ikavunjika. Kisha pale hakuna aliyejua tena upande yake, bageni bakakaa kwa benyeji, benyeji bakakunywa bia ya bageni. Aline akatolewa, Mungu asifiwe.

Maman Solange hakucheka. Alipita karibu yangu, akaniambia pole pole: "Nilikuomba kitu moja tu." Ile iliniuma kuliko kicheko yote.

Nyuma ya juma mbili akanikujia na foto kubwa ndani ya fremu. Batu makumi nane, machungwa mutupu, ye na Mzee Faustin katikati.

"Hesabu," akaniambia. Nikahesabu mupaka nikapotea. "Muntu akiniuliza jamaa yangu iko wapi, nitamuonyesha hii."

Akalia, na mi nikalia, nikaomba musamaha mara ya kumi.

Blog ningali nayo, na bakiliya banakuja, ule shangazi ameshaniletea bikwembe sita. Lakini nimeapa, na safari hii ni kweli: kikwembe ya muntu haitaingia internet kabla mwenyewe aivae. Ile siku ya foto nikajipa moyo, nikamuuliza Maman Solange nitapima lini robe ya Aline ya kanisa. Akapangusa machozi, akaniambia ameshaipeleka kwa mzee mumoja wa Gashonga, anashona muzuri, na hajui hata kuwasha telefone.