Povu la Chupa ya Nelima

Yule mtu wa maabara hapa Bungoma hainui macho; sisi anatujua kwa chupa zetu. Kila chupa anaishika kwa vidole viwili, anaitikisa mara tatu, anaiweka dirishani na kungoja. Mjukuu wangu Nelima ana lupus, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, na daktari anataka kujua kama imefika kwa figo. Mara mbili huyu mtu, anayeniita Kuka, yaani babu, amenirudisha nyumbani Lwakhakha na mkojo wa Nelima. "Kuka, nani alikutuma kuosha chupa? Povu la sabuni na povu la figo nitatofautisha aje?" Sasa bana, mimi nimpelekee mtu chupa chafu? Ya pili nikaisugua zaidi, akafoka zaidi, akanipa chupa yake, ati isiguswe na maji, na mkojo uwe wa kwanza wa asubuhi. Nilinung'unika njia nzima.

Leo nimeileta vile alivyotaka. Akaitikisa, akaiweka dirishani. Povu likakaa, halishuki. "Leo sijaosha, haki ya Mungu," nikasema. "Najua, Kuka." Akachovya karatasi ya kupimia protini inayovuja kwa figo, ikatoka njano ikageuka kijani. Ndipo akaniangalia usoni, akaacha foleni yote, akaipeleka yeye mwenyewe chupa kwa daktari, ameishika kwa mikono miwili.