Siku Wendell Alipozima Barafu

Kwa miaka ishirini na sita Wendell Fenstermacher aligandisha barafu ya uwanja wa ndani ili watu wengine wateleze juu yake, na katika miaka hiyo hakuna aliyemwona yeye akiteleza. Viatu vya kutelezea, vyenye ukingo wa chuma chini, alikuwa navyo. Alivivaa alfajiri, milango imefungwa, akazunguka uwanja peke yake. Mlango ukilia tu, alikimbilia gari lake la kulainisha barafu na kujifanya anakagua matairi.

Kosa alilifanya Jumatatu. Arlene Kutz, mjane anayeuza pretzeli, mikate ya chumvi iliyosokotwa, pale mlangoni, alimwuliza atateleza na nani Ijumaa, uwanja utakapotimiza miaka hamsini. Wendell akasikia mdomo wake unajibu, "Na wewe."

Ijumaa ikaja na joto la kuyeyusha lami. Saa tisa alasiri, watu mia mbili wakiwa wamejaa kwenye mabenchi, simu ikalia. Bonde zima la Lehigh lilikuwa limewasha viyoyozi, mitambo ya umeme imeelemewa, na bei ya umeme imepaa. Uwanja ulikuwa umeiahidi kampuni ya umeme kwamba siku kama hiyo utapunguza kilowati mia tatu kwa saa mbili, na kwa ahadi hiyo ulikuwa unalipwa kila mwaka. Sasa kampuni iliupa nusu saa kuitimiza.

"Wametuita," Wendell alimwambia meneja wake, Rhonda.

"Leo? Si barafu itageuka supu!"

"Haigeuki, bosi. Niliona joto linakuja, nikaigandisha zaidi tangu jana. Imekuwa jiwe."

Akazima mashine za kugandisha, akazima vikaushio vya viatu, akazima taa kubwa. Namba kwenye mita ikashuka, ikashuka, kisha ikakwama. Zilibaki kilowati kumi na mbili za kupunguza, na dakika sita tu.

"Arlene, tanuri!"

"Nimezima zamani, usinikodolee macho! Pretzeli zenyewe zimepoa kama uso wa mkwe."

Wendell akakimbia huku na huku, suruali ikimshuka, Arlene nyuma yake akicheka. Wakachungulia jikoni, vyooni, stoo. Mwishowe wakafika banda la nyuma, na pale Wendell akajishika kichwa. Gari lake lilikuwa linachajiwa. Alilichomeka mwenyewe, kama afanyavyo kila akimaliza kulainisha barafu, bila hata kufikiri.

"Kumbe mwizi tunayemtafuta ni wewe!" Arlene alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Wendell akachomoa waya. Kutoka ofisini Rhonda akapiga kelele, "Imeshuka! Imeshuka!"

Waliporudi uwanjani, zilikuwa zinawaka taa ndogo za dharura tu. Barafu iling'aa kwa mbali, na watu kwenye mabenchi walikuwa vivuli. Wendell akatazama: hakuweza kutambua uso hata mmoja. Basi nao hawawezi kuutambua wake! Kifua kikawa chepesi.

"Arlene. Viatu unavyo?"

"Nimevivaa na kuvivua tangu saa saba. Nilijua utasingizia umeme."

"Hata mimi nilijua."

Wakavaa viatu, wakaingia. Mizunguko miwili ya kwanza alimshika mkono kama anayebeba mayai. Wa tatu akageuka, akateleza kinyumenyume akimvuta.

"Taratibu, wewe mwanamume! Utaniua!"

"Nikuache?"

"Thubutu!"

Kwenye mabenchi watu wakaanza kupiga makofi. "Nani yule?" mtu akauliza.

"Wamemkodi kutoka Philadelphia," akajibiwa. "Wa hapa hawezi hivyo."

Wendell akacheka kwa sauti, jambo ambalo Rhonda hakuwahi kulisikia.

Saa mbili zikaisha. Barafu ilikuwa imelowa juu, lakini haikuachia.

"Wendell!" Rhonda aliita, mkono kwenye swichi. "Niwashe, au utoke kwanza?"

Wendell akautazama mlango. Arlene hakumwachia mkono.

"Washa!"

Mwanga ukamwagika. Macho mia nne yalimkuta katikati ya uwanja, suruali imelowa mpaka magotini, anazunguka kwa mguu mmoja. Hakukimbia. Na lile gari alilozoea kukimbilia likakaa bila chaji mpaka asubuhi iliyofuata.