Faili la Karani Gaudens

Kwa miaka kumi na minane Gaudens alikuwa karani wa utumishi katika kiwanda cha masufuria cha Bwana Hadley, kule Chang'ombe, na kwa miaka yote hiyo aliwaringia watu kwa Kiingereza. Si Kiingereza cha kuombea maji. Ni Kiingereza cha kazi: inkrimenti, probesheni, gratuiti, promosheni. Maneno hayo aliyapiga taipu kwenye barua, akafunga bahasha, akawakabidhi watu wasioweza kusoma hata neno moja, kisha akaenda zake nyumbani Temeke kuwasubiri. Wangefanya nini? Walimfuata huko huko.

Aliwaweka barazani mpaka amalize kula. Albano, mchochea tanuru kutoka Masasi, alikaa pale saa nzima na bahasha yake mkononi. Gaudens alitoka akijichokonoa meno, akaisoma barua, akamrudishia.

"Umekuwa ridandanti."

"Ndiyo kusemaje, Bwana Karani?"

"Neno hilo halina Kiswahili chake. Nenda kwako."

Albano, masikini wa Mungu, alidhani ni cheo. Mkewe akachinja jogoo, majirani wakaitwa wakala. Jumatatu askari wa getini ndiye aliyemweleza kwamba hana kazi tena. Gaudens aliisimulia habari hiyo miaka nenda miaka rudi, na kila mara alicheka hadi machozi yakamtoka. Huyo ndiye mtu wetu, na mimi sina haja ya kumpamba.

Naye alikuwa na lake moyoni. Alitaka kuwa ofisa utumishi, akae chumba chenye feni na mlango wenye jina lake. Kila Desemba Bwana Hadley alimwambia suala lake linafikiriwa, na kila Desemba Gaudens alirudi kumwambia mkewe Apolonia kwamba ni mwakani. Uhuru ukaja, bado ni mwakani. Kiwanda kikataifishwa, Hadley akafungasha virago akarudi kwao, akaacha kabati la chuma limefungwa na ufunguo kaondoka nao. Gaudens aliamini kwa dhati kwamba barua ya kumpandisha cheo imo mle ndani, ila siasa ziliiwahi.

Ikafika mwaka 1972. Mwongozo wa TANU ulikuwa umewapa wafanyakazi sauti, na wakubwa wengi walikuwa wakikaa roho juu. Gaudens alibakiza miezi mitano astaafu na kuchukua kiinua mgongo chake. Kiwanja alishapata Tabata, msingi ulishachimbwa, na nyumba yote iliyobaki ilikuwa ndani ya kiinua mgongo hicho.

Siku meneja mpya alipokwenda semina Dodoma, kamati ya wafanyakazi ililipasua kabati la Hadley kwa moto wa gesi. Mwenyekiti wao alikuwa Mwishehe, fundi wa mashine ya kukata bati, Mzaramo mpole wa sauti lakini akishaamua kaamua. Akawakusanya watu uani, akamkalisha Gaudens kwenye kigoda katikati yao, akamwekea mafaili mapajani.

"Mzee wangu, shikamoo. Sie hatuna ugomvi na mtu. Tunataka tu kuwajua vibaraka wa Hadley. Atakayeonekana kibaraka anaondoka leo hii, na kiinua mgongo asahau. Wewe tusomee kwa Kiswahili, maana mwenye Kiingereza hapa ni wewe peke yako."

Akasoma. Fulani mvivu, fulani mwizi wa misumari, fulani ananuka. Kila lililosomwa watu waliguna, na aliyetukanwa alipigwapigwa mgongoni na wenzake, kwa sababu kutukanwa na Hadley siku hiyo ilikuwa heshima. Gaudens aliliona hilo kwa macho yake mwenyewe, na hapo ndipo ninapomkasirikia hadi leo.

Faili la kumi na nne lilikuwa lake. Ndani mlikuwa na karatasi moja tu, mwandiko wa Hadley. "Karani huyu ni mtiifu kupita kiasi na akili yake ni ndogo. Anapenda maneno makubwa asiyoyaelewa vizuri. Asipandishwe cheo kamwe. Kila mwaka aambiwe suala lake linafikiriwa, inamtosha."

Gaudens aliyapitia kimoyomoyo. Alikuwa na kazi moja tu, kusoma kilichoandikwa. Angesoma, angeguniwa, angepigwapigwa mgongo, na baada ya miezi mitano angepaua nyumba. Lakini wale aliowaweka barazani walikuwa wamemzunguka, na Albano, aliyerudishwa kazini baada ya kiwanda kutaifishwa, alikuwa mstari wa mbele kabisa akimtazama mdomoni. Gaudens aliona heri afe kuliko Albano asikie maneno yale.

"Huyu," akasoma kwa sauti pana, "ni mkono wangu wa kulia. Katika Waafrika wote wa kiwanda hiki ninamwamini yeye peke yake. Bila yeye nisingeweza kuwatawala."



"Soma tena, mzee," Mwishehe akasema taratibu. "Huenda umekosea."

Kijana wa watu alikuwa anampa mlango wa kutokea. Gaudens akakaa vizuri kwenye kigoda, akasoma tena vile vile, neno kwa neno. Kura ya kumfukuza ikapigwa, mikono ikanyooshwa, na wa kwanza kunyoosha alikuwa Albano. Kabla jua halijawa kali Gaudens alikuwa nje ya geti, na mafaili yote yametiwa kwenye tanuru kama takataka za ukoloni.

Alikaa siku tatu ndani, siku ya nne akamfuata Mwishehe kwake Keko. Akamweleza yote, tusi kwa tusi, alivyoandikwa na Hadley, bila kuacha hata lile la akili ndogo. Mwishehe alimsikiliza mpaka mwisho, akamletea na maji ya kunywa.

"Mzee wangu, miaka kumi na minane umetusomea barua, na kila ulilosema tulilibeba lilivyo. Hatujawahi kukuuliza mara mbili, ila juzi tu, nami ndiye niliyekuuliza. Sasa karatasi iko wapi?"

Gaudens akaaga. Alirudi Temeke kwa miguu, akamkuta Apolonia anachambua mchele. Mama wa watu alikuwa hajaambiwa kitu zaidi ya kwamba kazi imekwisha kwa sababu ya faili la Hadley, na nyumba ya Tabata haipo tena.

"Lakini baba, yule mzungu alikuandika nini hasa?"

Gaudens akamwambia alikuwa mkono wake wa kulia. Apolonia aliinama akaendelea kutoa mawe kwenye ungo.

"Basi afadhali," akasema. "Angalau kuna mtu aliyekujua."